Mahali pa Onyo

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke mpita njia husoma ukutani maneno haya: Nyumba hii haiuzwi. Mwenye nyumba huyaandika upande wa barabara kwa herufi kubwa, kwani matapeli wapo, na mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zake hafaidiwi na onyo lililoandikwa uani. Paa likivuja, hata hivyo, hakuna aliandikaye tangazo ukutani. Hilo ni shauri la wenyeji na fundi wao.

Swali la namna hiyo huwakabili watungaji wa Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha. Makala yenye kasoro hubandikwa tangazo. Liwekwe wapi: juu, chini, au katika ukurasa wa majadiliano, ambao wasomaji wengi hawaufungui kamwe?

Yasemwa kwamba tangazo lililo juu huiumbua makala na kumvunja moyo aliyeiandika bila ujira. Hoja hii ina uzito. Makala nyingi za kata za Dar es Salaam ni fupi mno: hutaja wilaya na hesabu ya watu, kisha tangazo la chini husema kuwa makala bado ni mbegu, na kuomba msaada. Hapo chini ndipo mahali pake. Ufupi hauhitaji mpiga mbiu. Msomaji huuona kwa macho yake, na yule aliyefika mwisho akakuta habari haba ndiye awezaye kuziongeza.

Lakini kosa halionekani kama ufupi uonekanavyo. Kigamboni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke, na Ubungo sehemu ya Kinondoni, mpaka zilipotengwa katikati ya miaka ya 2010. Makala ifuatayo bado mpango wa zamani, au itoayo idadi ya sensa ya 2002 kana kwamba sensa za 2012 na 2022 hazikufanywa, husomeka vizuri kabisa. Mwanafunzi wa Mbagala hunakili mistari mitatu ya kwanza kutoka katika simu yake, kisha huifunga. Onyo la chini halikumfikia. Kulificha kwa ajili ya heshima ya mwandishi ni kumlipa mwandishi kwa mali ya msomaji.

Afadhali zaidi onyo likae ubavuni mwa sentensi yenyewe yenye shaka, lisije likaitia aibu makala nzima kwa kosa la mstari mmoja. Na asahihishaye kosa aliondoe onyo saa ile ile, maana likisahauliwa juu ya makala iliyokwisha kutengenezwa, huwazoeza wasomaji kuyaruka matangazo yote, la kweli na la uongo.