Sheria Moja kwa Mkubwa na kwa Mdogo



Mtu anayeitafuta dini ya kweli ana haki ya kuuliza: Je, dini hii ina neno gani juu ya shamba langu na mpaka wa jirani yangu? Maana imani isiyofika shambani bado haijafika moyoni.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Lakini haikuifanya kuwa mmiliki. Imeifanya mdhamini, yaani mwenye kushika mali kwa ajili ya wengine. Wala Halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano wa Kijiji haujakubali. Na mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo.

Sheria ni njema. Basi dhuluma hutoka wapi? Hutoka katika mkono unaoitumia. Mwenye kundi kubwa la ng'ombe akilisha mashamba ya watu, huambiwa kwamba jambo lake litazungumzwa. Mjane mwenye mbuzi wawili hutozwa faini siku ile ile.

Wakazi wa Ngara na Biharamulo wanayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Mwezi Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete, alipozuru Mkoa wa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali muda wa wiki mbili waondoke. Na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walivuka Rusumo kuingia Rwanda, na miongoni mwao walikuwamo walioishi Tanzania kwa miongo mingi. Wengi waliacha nyuma nyumba, migomba na mifugo. Ni wazi ya kwamba kila serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini dini inauliza swali jingine: migomba ile ilikwenda kwa nani, na kwa bei gani? Aliyenunua ng'ombe wa jirani kwa bei ya mbuzi, kwa kuwa jirani alikuwa na hofu, je, amenunua au amenyang'anya?

Yafaa ikumbukwe kisa cha mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba katika zama za Mtume Mtukufu (s.a.w.). Jamaa zake waliona aibu, wakamtuma Usama bin Zaid, kijana aliyependwa sana na Mtume, akamwombee. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawafahamisha watu ya kuwa mataifa ya kale yaliangamia kwa sababu hii: mtukufu alipoiba waliachilia, na mnyonge alipoiba wakamwadhibu. Akaongeza kwamba hata binti yake mwenyewe, Fatima, asingesamehewa.

Tena alionya kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe, akapewa hukumu kwa maneno yake. Lakini akichukua haki ya nduguye kwa hukumu hiyo, amejichukulia kipande cha moto. Basi fahamuni, ndugu zangu: mhuri wa ofisi ya kijiji haugeuzi haramu kuwa halali.

Sasa wajibu wetu ni upi? Uliye mjumbe wa Halmashauri, anza kuitumia sheria juu ya shemeji yako kabla hujaitumia juu ya mgeni. Uliye mwananchi, hudhuria Mkutano wa Kijiji, na ardhi inapogawiwa usinyamaze kwa kumwogopa mwenye mali. Ukiitwa na Baraza la Ardhi la Kijiji kuwa shahidi, sema kweli hata ikiwa ni dhidi yako mwenyewe, kwani ndivyo Kurani Tukufu inavyotuamuru katika Sura An-Nisaa. Na ikiwa unalo shamba ambalo mwenyewe aliliacha kwa hofu, mtafute yeye au warithi wake, mpatane kwa haki maadamu u hai.

Nawe unayeichunguza dini hii, usitutazame tunavyosali tu. Tazama pia mipaka ya mashamba yetu. Ukiikuta imesogezwa, tuulize.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wa haki mbele ya wakubwa na wadogo. Amin.