Chombo hakina nia, mwenye nia ni mtu

Mwaka 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilitoa toleo la 9 la kivinjari chake, likiwa na uwezo wa kupakua mafaili kwa njia ya BitTorrent humo humo ndani. Mwaka 2013, katika toleo la 15, uwezo huo haukuwemo tena. Je, ni sawa kivinjari kuwa na kitu hicho?

Wapo wanaosema hapana, kwani torenti ni njia ya wezi wa filamu na muziki. Hoja hiyo haitoshi. Kwa njia hiyo hiyo watu hupata mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, ambao wenyewe wameruhusu ugawiwe bure. Kisu kilichoua ndicho hicho hicho hukata mkate.

Tatizo liko kwingine. Katika torenti, anayepokea pia hugawa: vipande vinavyoingia katika kompyuta yako hupelekwa kwa wengine wanaovihitaji. Basi kijana aliyebonyeza mara moja, akidhani anajichukulia filamu yake tu, amekuwa msambazaji wa mali ya watu bila kujua, tena kwa intaneti aliyoilipia mwenyewe. Atatia nia gani katika jambo asilolijua?

Kwa hiyo, uwezo huo uwekwe, lakini uwe umezimwa mpaka mwenyewe auwashe, na aambiwe waziwazi kwamba atapokea na atagawa. Baada ya hapo, asije akasingizia chombo.