Mwamba Ngoma na Mpiga Ngoma

Wazee wetu walitofautisha watu wawili ambao siku hizi tunawachanganya. Yuko mwamba ngoma, yule achongaye gogo, akailoweka ngozi, akaivuta na kuikaza hata itoe mlio autakao. Kisha yuko mpiga ngoma, ambaye huikuta ngoma imekwisha kuwambwa, akaipasha moto kidogo, ndipo akaisemesha. Wa kwanza hutoa sauti. Wa pili hutoa usemi. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akiwa na uwezo wa kumlipa mmoja tu kati yao, amlipe yupi? Na akishamlipa, kazi itakayotoka itakuwa ya nani?

Swali hili linamkabili leo kila mtunzi wa nyimbo anayefanya kazi peke yake chumbani, mwenye kompyuta na kinanda kidogo, asiye na nafasi ya kuweka dramu wala majirani wa kuvumilia kelele zake. Mtu wa namna hiyo hununua programu inayoshika mahali pa dramu. Mojawapo inayojulikana sana ni EZdrummer, iliyotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Toontrack ya Sweden. Akishaizoea, huja siku akahisi kwamba nyimbo zake zote zimeanza kufanana. Hapo muuzaji humwonyesha bidhaa za aina mbili. Kuna nyongeza za sauti, yaani dramu nyingine zilizorekodiwa katika studio nyingine. Na kuna vifurushi vya mapigo, yaani midundo iliyokwisha kupigwa na wapiga dramu hodari, tayari kutiwa katika wimbo. Fedha yake yatosha kimoja tu.

Tuzipime bidhaa hizi kwa haki. Nyongeza ya sauti ni kazi kubwa. Kila dramu na kila tasa hupigwa mara nyingi, kuanzia kwa mguso hadi kwa nguvu zote, huku maikrofoni zikiwa zimetegwa karibu na mbali. Sababu yake ni kwamba sikio halidanganyiki upesi: pigo lile lile likirudiwa bila tofauti, husikika kama bunduki ya rashasha. Programu ya Superior Drummer 3 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2017, ilikuja na sauti za zaidi ya gigabaiti 230, zilizorekodiwa Ubelgiji chini ya fundi mashuhuri George Massenburg. Anayenunua sauti, basi, hanunui mlio peke yake. Ananunua ngozi, mbao, chumba, na sikio la fundi.

Kifurushi cha mapigo hakina sauti hata chembe. Ni maandishi. Katika lugha ya MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983, kila pigo huandikwa kwa mambo machache: ni ngoma ipi iliyopigwa, ilipigwa lini, na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Mapigo ya wimbo mzima hayazidi ukubwa wa barua. Lakini ndani ya barua hiyo mna mambo. Mpiga dramu mzuri hafuati saa kama mfungwa. Wimbo ukitaka kupumua, huchelewesha pigo kitambo kidogo mno. Ukitaka kukimbia, huliwahisha. Katikati hugusagusa mapigo madogo ambayo msikilizaji hatambui kwamba anayasikia, ila yakiondolewa wimbo hupooza. Tazama basi maajabu haya: katika mizani ya kompyuta, kilicho kizito ni ngozi na mbao, na kilicho chepesi kama unyoya ni mtu.

Aghalabu watu huchagua sauti, kwa kuwa kipya kinyemi. Sauti mpya humfurahisha mwenyewe siku ile ile. Hata mimi, katika miaka ya kuhangaika na nyimbo zangu chumbani, nimeifahamu furaha hiyo, na nimeona pia jinsi isivyodumu. Mdundo mkavu uliovikwa sauti ya kifalme hubaki mdundo mkavu. Bali mdundo ulio hai, hata ukipigwa juu ya debe, watu hutikisa vichwa. Kwa hoja hii peke yake, tungeweza kuamua kwamba mpiga ngoma ndiye wa kulipwa, tukafunga mjadala.

Lakini hapa ndipo linapoingia jambo la haki. Mwaka 1969 Clyde Stubblefield alipiga dramu katika wimbo “Funky Drummer” wa James Brown, uliotolewa mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1969, Gregory Coleman wa kundi la The Winstons alipiga mapigo ya sekunde chache tu katikati ya “Amen, Brother”. Miaka ilipopita, vipande hivyo viwili vilikatwa na kupandikizwa katika nyimbo nyingi mno za watu wengine. Walichukuliwa mwamba ngoma na mpiga ngoma kwa mkupuo mmoja, sauti pamoja na usemi. Coleman alifariki mwaka 2006 na Stubblefield mwaka 2017, na wala hawakupata mirabaha kutokana na utajiri ule. Desturi ya biashara ya muziki humtambua mtunzi wa maneno na wa lahani. Mpiga dramu hupewa ujira wake akaambiwa kwaheri. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao na kwa wengine, na hawakutunzwa.

Kwa upande huo, kifurushi cha mapigo ni hatua ya heshima. Mpigaji anajua kwamba anauza, na mnunuzi anajua kwamba ananunua, naye huruhusiwa kuyatumia mapigo hayo katika wimbo wake. Hakuna aliyeibiwa. Je, mambo yamekwisha? Nadhani hapana, kwa sababu mtu anaweza kumaliza deni la fedha na bado akabaki na deni la ukweli. Mtu akinunua kalamu nzuri akaandika shairi, shairi ni lake. Akinunua shairi akaliweka jina lake, fedha aliyolipa haimfanyi mshairi. Sauti ni kalamu. Mapigo je, ni kalamu au ni shairi?

Mwenye kupinga atasema: mapigo ni kama methali. Methali si mali ya mtu, lakini kuijua saa ya kuisema ni hekima ya msemaji. Naikubali hoja hii, na inanisaidia kupata kipimo. Anayejua methali huweza kuikata nusu, kuigeuza, kuinyamazia hadi wakati wake. Anayeikariri tu huitoa popote. Vivyo hivyo, mtunzi akiweza kuufungua mdundo alionunua, akaliondoa pigo hili na kulisogeza lile kwa sababu wimbo wake unadai hivyo, mdundo huo umeingia kinywani mwake. Akishindwa, ni mgeni anayesemewa na mkalimani, wala hajui kinachosemwa kwa niaba yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha ya kitu kimoja ni kujichunguza kabla ya kuchunguza bidhaa. Zima programu, piga mdundo wa wimbo wako kwa viganja juu ya meza. Ukiwa na la kusema na kinachokukera ni mlio tu, nunua sauti bila haya, kama mpigaji aendavyo kwa mwamba ngoma. Viganja vikikwama, nunua mapigo. Lakini yanunue kama mwanafunzi amlipavyo mwalimu, uyasikilize polepole, uyafumue, ujue kwa nini pigo lile lilichelewa. Na popote unapoandika majina ya walioshiriki katika wimbo, mwandike na yule aliyepiga, ikiwa jina lake limetajwa katika kifurushi. Ni mstari mmoja tu wa wino, na Stubblefield na Coleman waliukosa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.