Kipimo cha Akili na Shahidi wa Uongo

Mtoto akilazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, tunamwombea apone. Akifumbua macho na kumtambua mama yake, tunatoa sadaka ya shukrani, na kwa wengi wetu habari inaishia hapo. Watafiti waliowafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, hawakuishia hapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa miaka miwili baada ya ugonjwa, takribani mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Kwa watoto wa majirani zao walio wazima, hakufika mmoja kati ya kumi.

Umakini ulipimwa kwa kompyuta. Alama ikitokea juu, mtoto abonyeze. Ikitokea chini, ajizuie. Mashine inahesabu makosa na kasi ya mkono. Siku hizi vipimo vya namna hii vipo hata kwenye vishikwambi, na hutumika pia kwa watoto wenye selimundu au uvimbe wa ubongo.

Wapo Wakristo wanaoona ni dharau kumpima kwa mashine kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa namba ikishatoka humganda mtu kama jina. Tena mashine ina upofu wake: mtoto ambaye hajawahi kugusa simu atachelewa kwa ugeni tu. Ndiyo maana hupewa mazoezi kwanza, na hulinganishwa na watoto wa mazingira yake, si wa Ulaya.

Lakini tumtazame yule asiyepimwa. Anarudi shuleni, anasahau alichofundishwa jana, macho yanatangatanga. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema ni mkaidi, na fimbo inafuata. Wengine wanasema ana pepo. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi tumezoea kudhani jirani huyo ni mtu mzima. Kumwita mvivu mtoto aliyejeruhiwa ubongo ni ushuhuda wa uongo, hata kama anayesema anampenda. Hapo kipimo kinasimama upande wa mtoto, kinamtetea mbele ya watu wazima wanaomhukumu.

Kwa hiyo tunakubali kipimo, kwa sharti: mzazi aelezwe matokeo kwa lugha anayoielewa, na msaada ufuate. Kumpima mtoto ili jina lake lijaze tu jedwali, kisha arudi kwenye fimbo ileile, hilo hatuwezi kulibariki.

Nalo kanisa lina kipimo chake. Katika mafundisho ya kipaimara mtoto hutakiwa kukariri Katekisimu Ndogo, na asiyeweza huambiwa asubiri mwaka mwingine. Mtoto huyuhuyu tulimbatiza akiwa mchanga, bila kumuuliza ameelewa nini, kwa sababu tunaamini neema hutangulia. Je, kwa haki gani tumzuie sasa Mezani pa Bwana kwa sababu homa ilimnyang'anya kumbukumbu? Mwalimu wa kipaimara akijua yaliyompata, anaweza kumpa Sala ya Bwana ombi moja kwa wiki, au kuketi naye na kumsikiliza anavyoomba.