Fundi Asemaye "Sijui"

Je, mtu asiyejua kazi aweza kumpima yule aijuaye? Swali hili lafanana na maswali ya wanafunzi wa seminari, lakini hapa kwetu Kakontwe liliingia uani likiwa na magurudumu manne.

Mwalimu mmoja, jirani yangu, alinunua gari la haibridi lililokwisha kutumika, mojawapo la yale yatokayo Ujapani, yakashushwa Dar es Salaam, yakapita Zambia hata kufika Kasumbalesa. Gari la namna hii lina nguvu mbili: injini ya petroli, na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa iliyofichwa nyuma. Dereva akikanyaga breki, sehemu ya mwendo hugeuka umeme na kurudi katika betri. Ndiyo maana gari hula petroli kidogo. Toyota walianza kuuza Prius kwao Ujapani mwaka 1997, na sasa yale yaliyochakaa kwa wenzetu yamekuwa mapya kwetu. Mwalimu alifurahi miezi mitano. Kisha taa nyekundu ikawaka.

Alilipeleka katika garaji moja mjini. Hakuulizwa neno. Kijana alifungua boneti, akaifunga, akasema, "Betri imekufa. Dola 900." Mwalimu ana watoto sita na mshahara wa mwalimu. Jioni akaja kwangu akasema, "Katekista, huenda yule asema kweli, huenda ananiibia. Mimi nitajuaje?"

Watu watajibu upesi: uliza rafiki. Lakini rafiki naye hajui; amsifu fundi wake kwa sababu gari lake latembea, wala hajui kama lingetembea vivyo hivyo kwa nusu ya fedha. Wengine watasema: nenda kwa wa bei ndogo. Haya, lakini mwizi naye aweza kuwa na bei ndogo siku ya kwanza. Twarudi pale pale. Asiyejua hana budi kuamini.

Mtakatifu Agustino, miaka ya 391 na 392, aliandika kitabu kizima juu ya faida ya kuamini. Aonyesha humo kwamba hakuna mtu amjuaye baba yake ila kwa kumsadiki mama yake. Na kama tungekataa kila tusichokiona wenyewe, jamaa zote zingevunjika. Basi kuamini si upumbavu. Upumbavu ni kuamini pasipo kumtazama yule anayesema, na kujiuliza maneno yake yanamletea faida nani.

Nikamwambia Mwalimu twende kwa mzee mmoja atengenezaye magari chini ya mwembe, si mbali na nyumbani. Zamani mzee huyu alifanya kazi Panda, katika karakana kuu za Gécamines, akatoka pamoja na wengine zaidi ya 10,000 katika mpango ule ulioanza 2003, ulioitwa kuondoka kwa hiari. (Juu ya neno hilo "hiari" wazee wetu wana mengi ya kusema, lakini si leo.)

Mzee alilizunguka gari, akasema, "Mwalimu, magari haya siyajui vizuri. Injini naijua. Umeme huu mkubwa sikufundishwa, wala sitaugusa. Lakini liko jambo moja naweza kulitazama." Akafungua mlango wa nyuma, akauliza, "Hapa juu ya kiti hukaa nini kila siku?"

"Magunia ya unga, Baba. Mama watoto anauza sokoni."

Mzee akainama, akatuonyesha pembeni ya kiti tundu lenye wavu. Hapo ndipo feni huvuta hewa ya kuipoza betri. Magunia yalilifunika, na wavu wenyewe ulikuwa umezibwa kwa unga na vumbi letu la Kakontwe, jekundu la barabara na jeupe la mawe ya chokaa, hata ungedhani ni ukuta uliopigwa lipu. Betri ilikuwa ikipikwa kama ugali uliofunikwa. Mzee akatoa wavu, akausafisha kwa brashi na pumzi ya pampu, akaurudisha. Kisha akasema, "Taa yaweza kuzimika, yaweza kurudi. Yaliyomo ndani mimi sijui. Yuko kijana Lubumbashi mwenye kompyuta ya kusoma magari haya, na glavu za kazi hiyo. Akuonyeshe hesabu ya kila kipande kabla hujatoa fedha."

Tulifikiri sana juu ya neno hilo "sijui". Katika Prius nyingi za miaka ya 2003 hadi 2015 betri kubwa ina vipande 28, na jumla yake ni volti 200 hivi. Nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa ili zionekane. Fundi mwenye elimu huondoa kwanza plagi ya usalama, halafu hungoja kama dakika kumi, kwa maana umeme hubaki ndani hata gari likiwa limezimwa. Anayeona haya kusema "sijui" mbele ya mteja, akaingiza mkono, aweza kufa. Hapo tunaona kwamba uwongo wa fundi hauli fedha ya jirani tu.

Tena kipande kimoja kikichoka chaweza kuwasha taa, na 27 vikabaki vizima. Asiye mwaminifu atauza betri nzima, au atabadili kimoja na kudai fedha ya vyote. Nani atamwona? Mtakatifu Tomaso wa Akwino asema kwamba muuzaji wa farasi mwenye jicho moja halazimiki kulitangaza jicho hilo, ikiwa amepunguza bei kwa haki, kwa kuwa kila mtu analiona. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, lazima aiseme. Sasa betri iliyo nyuma ya kiti ni kasoro iliyofichika kupita zote. Kadiri mteja asivyoona, ndivyo dhamiri ya fundi inavyobeba mzigo peke yake. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma, aliubeba mzigo wa namna hiyo. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usipite, akauawa mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri Juni 2025. Wale ambao wangeula mchele ule hawakumjua kamwe.

Lakini nimesema juu ya fundi tu, na hiyo si haki. Mzee alipomaliza aliomba dola 30. Mwalimu akacheka: "Dola 30 za kufuta unga, Baba? Hata mke wangu angefuta." Akatoa 15. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nami nilikuwapo, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa mwaka uliotangulia nilimpunguzia mzee huyo huyo bei ya pikipiki yangu, nikajisifu nyumbani. Tomaso yule yule asema kwamba mnunuzi anayepewa dhahabu na mtu adhaniye ni shaba, naye akajua, akanyamaza, huyo ni mwenye deni la kurudisha. Kweli ya mzee tuliilipa kama shaba. Tukimlipa mkweli nusu, na mwongo tukamlipa 900, tusishangae siku tutakapowakosa wakweli chini ya miembe.

Taa ilirudi baada ya majuma matatu. Kijana wa Lubumbashi aliikuta betri na vipande viwili vilivyochoka, akatuonyesha hesabu yake, akavibadili kwa dola 180, akasema wazi kwamba kwa kuwa vingine ni vya zamani, pengine kazi yake itadumu mwaka, pengine miwili, si kumi. Tuliporudi tulikaa uani tukahesabu: 900, 180, 30, 15. Mwalimu alinyamaza kitambo.

Jumapili baada ya Misa nilimwona amesimama chini ya mwembe, mkono mfukoni, akimngoja mzee amalize kufunga gurudumu la mtu. Nikaenda nikasimama nyuma yake.