Isnadi ya Mkate

Watu wakikusanyika kuandika kitabu cha vyakula vya kwao, suali la kwanza linalowakabili hudhaniwa kuwa ni la karatasi na fedha, ilhali kwa hakika ni suali la dini na la akili, nalo ni hili: ujuzi wa kuoka mkate, ambao mtu aliupokea kwa mamaye, na mamaye akaupokea kwa nyanyaye, ni milki ya nani, na ni nani aliyepewa idhini ya kusema kwamba mkate ni huu na ule si mkate? Mimi nimefanywa karani wa jamaa ya kina mama wa Unguja waliokubaliana kuitia mikate ya nyumbani katika kitabu kimoja, kazi yangu ikiwa ni kuandika wasemayo na kula waokayo, na katika kazi hizo mbili sijui ni ipi iliyonielimisha zaidi. Lakini najua kwamba suali hilo lilizuka mapema, kabla kurasa hazijawa nyingi, na kwamba hata leo lingali barazani pamoja nasi.

Tuutwae mathalan mkate wa kumimina, ambao Mombasa huitwa mkate wa sinia. Wote wamewafikiana kwamba mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui la nazi hata usibaki na chenga, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa mpaka uumuke, kisha ukamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli na kushika moto, ukapikwa kwa makaa machache chini yake hata uso wake utoboke vitundu, ndipo ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko upate rangi. Hapo ndipo ijmai ilipokoma. Katika habari ya tui, yuko asemaye kasimile tupu, na yuko asemaye kwamba kasimile huulemea mkate usipande, hivyo yafaa ichanganywe na tui la pili. Katika habari ya yai, mmoja hutia weupe wake peke yake, uliopigwa hata ukafanya povu, na mwenzake aona kwamba kutia yai, weupe au kiini, ni kuutoa mkate katika jamaa zake na kuuingiza katika jamaa za keki. Katika habari ya muda wa kuumuka nilisikia majibu mengi kuliko waliojibu, kwani bibi mmoja alitoa mawili, na nilipomsihi anipe saa ya kuandika, aliniambia, “Mwanangu, saa ni ya ukutani, wewe ungoje hata uukute unapumua.”

Haikuwa inda hiyo, wala upungufu wa ilimu. Wakati wa kaskazi, joto linapokithiri, unga wenye hamira huumuka upesi, na ukichelewa kuuwahi huwa mchachu, ukapanda kwa fahari na kushuka kwa aibu. Wakati wa kusi unga ule ule, kwa kipimo kile kile, hulala, na mwenye haraka huutia motoni kabla haujaamka. Mchele wa zamani hunywa maji kuliko mchele mpya, na nazi ya wiki hii si nazi ya wiki ijayo. Mtu aliyejifunza kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi, hajajifunza kipimo kisicho kamili, kama wanavyodhani wenye mizani, bali amejifunza kipimo kinachomwachia mkono nafasi ya kuamua, na mkono huamua kwa sababu unajua. Kwa hiyo tofauti zao zina sababu zake, na tofauti yenye sababu si kosa.

Walakini palikuwa na waliosema, nao ni wasomi na watu wa nia njema, kwamba kitabu sharti kichague. Hujja yao haikuwa dhaifu. Msomaji, walisema, hununua kitabu ili aambiwe la kufanya. Bibi arusi aliye mbali na mamaye, Maskati au London, akiwekewa mikate mitano ya kumimina atafunga kitabu na kwenda dukani kununua boflo. Na kitabu chenye kauli tano katika jambo moja si kitabu, ni baraza. Wakataka ufanywe mtihani, mikate ionjwe, na ushindao uandikwe kuwa ndio mkate wa Unguja.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka habari ya Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 179 wa Hijria, yaani 795. Imepokewa kwamba khalifa Abu Jaafar al-Mansur, ambaye ndiye aliyeujenga mji wa Baghdad, alitaka kuifanya Muwatta ya Malik kuwa kitabu cha dola nzima, ipelekwe nakala kila mji, na watu waamrishwe kukifuata na kuyaacha mengineyo. Mtunzi gani asingefurahi? Malik alikataa. Hujja yake ilikuwa kwamba masahaba wa Mtume walitawanyika katika nchi mbalimbali, na watu wa kila nchi wamekwisha kupokea ilimu iliyowafikia na kuitendea kazi, na kuwaondoa katika walilolizoea ni kuwatia katika mashaka. Sithubutu kuulinganisha unga na sharia, wala meko na majlisi ya Imamu wa Madina. Lakini ikiwa katika jambo kubwa, ambalo watu wataulizwa siku ya hesabu, mwanachuoni mwenye haki ya kusema alichelea kuifunga ilimu ya watu kwa kitabu chake, sisi katika jambo dogo tuna udhuru gani wa kuwa wakali kuliko yeye?

Na wanachuoni hao hao walituachia njia ya kukusanya bila ya kufuta. Walipokusanya Hadithi hawakuzichanganya riwaya zote wakatoa moja iliyo laini. Waliiandika kila riwaya pamoja na isnadi yake, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na Imamu Muslim amesifika hususa kwa kuziweka mahali pamoja njia mbalimbali za Hadithi moja, ili msomaji azione zinapokutana na zinapoachana. Nilishauri tufanye vivyo hivyo: kila mkate na mwenyewe, aliujifunza kwa nani, katika mtaa gani, kwa mchele gani. Yule bibi arusi wa Maskati hatapotea. Ataufuata mkate wa mtu mmoja kuanzia mwanzo hata mwisho, jambo ambalo asingeliweza lau tungempa mkate uliotungwa na kamati, ambao hakuna mwanamke yeyote duniani aliyepata kuuoka.

Hapa wako watakaosema kwamba kutaja majina ni kupanda mbegu ya majivuno, na kwamba mkate ni neema ya Mungu, hauna mwenyewe. Neno hili nalipokea nusu yake. Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, amenakili kauli kwamba mkate hauwi duara na kuwekwa mbele ya mtu mpaka wawe wameufanyia kazi watendaji 360, wa kwanza wao Mikaili apimaye maji kutoka hazina ya rehema, kisha malaika wayaendeshao mawingu, na jua na mwezi, na wanyama wa ardhini, na wa mwisho wao ndiye mwoka mkate. Mtu aliye wa mwisho katika safu ya namna hiyo hana la kujivunia, hilo ni kweli. Lakini tazama kwamba hesabu ile haikumtupa: imemhesabu, ikampa nambari yake. Unyenyekevu wa mwokaji ni wajibu wa mwokaji mwenyewe; hauwi ruhusa kwa mwingine kulifuta jina lake, na aghalabu nimeona kwamba wasemao ujuzi hauna mwenyewe ni wale waliokwisha kuyaandika majina yao juu ya jalada.

Mataifa nayo hayakusalimika na ugomvi huu. Kanisa la Mashariki na kanisa la Roma, kabla hawajafarakana mwaka 1054, waliandikiana maneno makali juu ya mambo mengi, na mojawapo ni kama mkate wa ibada utiwe hamira au usitiwe. Katika siku zetu, shirika la UNESCO liliuingiza mkate wa lavash katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa jina la Armenia mwaka 2014, na majirani wakaona wamesahauliwa; mwaka 2016 Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zikaingizwa kwa pamoja kwa mikate myembamba ya namna hiyo hiyo, lavash ikiwa miongoni mwake. Watu wa Maghribi walikuwa na busara zaidi, kwani Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia, ambazo si nchi zinazopatana katika kila jambo, ziliupeleka mkusukusu kwa ombi moja, nao ukakubaliwa mwaka 2020. Hawakusema kwamba mkusukusu wa Fez ni ule ule wa Tunis. Walisema tu kwamba hakuna kati yao awezaye kuapa kuwa ni wake peke yake.

Hata hivyo jina lenyewe laweza kusema uwongo. Katika karne ya kumi Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya Baghdad kitabu cha mapishi, miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vya fani hiyo vilivyotufikia, na vyakula vingi humo vimenasibishwa na wakubwa, khususan Ibrahim bin al-Mahdi, mwana wa khalifa na nduguye Harun al-Rashid, aliyekuwa mlaji, mshairi na mwimbaji. Mtoto wa mfalme huyo huenda alipenda kuingia jikoni. Lakini pia alikuwa na mjakazi aliyeitwa Bid'a, aliyesifika kwa upishi, na msomaji mwenye insafu hawezi kuipita kila sahani yenye jina la bwana bila ya kujiuliza ni mkono wa nani uliokoroga. Na tusiende mbali hata Baghdad. Mwaka 1928, mjini Nairobi, chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's kilichapisha kitabu cha upishi kwa walowezi wa Kenya, kazi ya ushirika kama yetu, mikono mingi katika jalada moja. Humo Kiswahili kimetiwa ili bibi wa nyumba apate kumwamrisha mpishi wake. Mpishi yumo katika kitabu kile kwa kuamrishwa tu. Alichokijua yeye hakikuulizwa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la kitabu cha namna hii ni idhini, na idhini yenye maana ni ile ambayo mwombwaji aweza kuikataa. Tulikutana na hilo kwa mama mmoja mjane ambaye huuza mikate ya ufuta jioni za Ramadhani, na ambaye alitupokea kwa heshima, akatulisha, akatucheka kidogo, kisha akasema kwamba kipimo chake hatakitoa. Mmoja katika sisi alimkumbusha Hadithi inayomwonya mwenye kuulizwa ilimu akaificha, kwamba atatiwa lijamu ya moto siku ya Kiyama. Nililiona neno hilo kuwa dhuluma. Wanachuoni wameieleza Hadithi hiyo kuwa ni ya ilimu ambayo mwenye kuuliza ana dharura nayo katika dini yake, naye aliyeulizwa hana njia ya kumwepuka. Hawakuifanya kuwa panga la kuwaondolea maskini sanaa zinazowalisha watoto wao. Mama yule hakuficha ilimu, alilinda riziki, na kama tungaliuchapa mkate wake, wa kwanza kuufanyia biashara wangekuwa wenye tanuri kubwa na gari la kusambazia, si yeye. Tulimshukuru, tukanunua mikate, tukaenda zetu. Wale waliokubali kutoa tumeandikiana nao kwamba faida ya kitabu, ikipatikana, ni yao kwa mafungu. Maana mtu akitoa sadaka hiyo ni hiari yake, lakini karani kumtolea mwingine sadaka si katika hiari ya karani.

Wamebaki wale wasioweza kuombwa. Mikate mizuri kuliko yote tuliyoonja imetoka kwa wanawake waliokwisha kufa, na baadhi yao hata wajukuu wao hawakumbuki ila jina la utani, au mlango wa nyumba, au kwamba alikuwa akiimba alipokuwa akikuna nazi. Muislamu huitakidi kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa vitu vitatu, na kimoja ni ilimu inayoendelea kuwanufaisha watu. Ikiwa kuoka ni katika ilimu hiyo, basi thawabu za mwanamke yule Mola anazijua anakozipeleka, wala hazingoji kitabu chetu. Kwa upande wetu ipo haja ya adabu tu: tusiliandike jina la mjukuu mahali pa jina la bibi kwa sababu mjukuu ndiye aliye hai wa kupigwa picha.

Katika fani ya Hadithi mpokezi asiyejulikana huidhoofisha riwaya, na ndugu mmoja aliyesoma sana alinihoji kwa hilo, akisema kwamba isnadi yangu ya mkate ikifika kwa mtu asiyejulikana imekatika, na kilichokatika hakitegemewi. Alikuwa na haki katika fani yake. Neno lililosemwa likapita haliwezi kusikiwa tena, kwa hiyo hatuna cha kuegemea ila uaminifu wa waliolichukua. Lakini mkate hurudi kila mara uokwapo, na mwenye shaka aweza kuwasha makaa. Kwa sababu hiyo mkate mmoja wa mofa, wa unga wa mtama, tumeuandika kuwa umepokewa kwa mwanamke wa Ng'ambo ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyekuwa akiubandika katika mofa ya udongo nyuma ya nyumba yake. Kipimo chake kimejaribiwa na watatu katika jamaa yetu. Wawili wamekithibitisha, wa tatu asema chumvi imezidi na kwamba bibi yule hakuwa akitia kiasi hicho, na maneno yake yamechapwa chini ya ukurasa kama alivyoyasema.