Nyayo Mwanzoni mwa Wimbo

Marehemu mjomba aliniachia kaseti moja aliyoirekodi kutoka redioni. Upande wa pili, wimbo wa tatu, ni "West End Girls" wa Pet Shop Boys. Alichelewa kubonyeza kitufe, kwa hiyo wimbo unaanza mdundo ukiwa umeshakolea. Utoto wangu wote niliusikiliza hivyo. Miaka mingi baadaye niliupata kwenye simu, nikasikia nyayo za mtu na kelele za barabarani kabla muziki haujaingia. Nilikasirika. Nani kauchezea wimbo wa mjomba?

Hakuna aliyeuchezea. Nyayo zilikuwamo tangu 1985. Kasoro ilikuwa kwenye kaseti yangu.

Ninaikumbuka hasira ile kila ninaposikia watu wakisema wasanii wakongwe waviache vibao vyao kama vilivyo. Hoja yao ina uzito. Wimbo ukishapigwa kwenye harusi za watu na kuwaliwaza katika misiba yao, si wa mtunzi peke yake tena. Je, ana haki ya kubomoa nyumba ambayo wengine wanaishi ndani yake?

Lakini iangalie nyumba yenyewe. Neil Tennant na Chris Lowe walikutana London mwaka 1981. Wimbo huu waliurekodi kwanza na prodyuza Bobby Orlando, ukatoka 1984, na Uingereza haukutikisa. Wakaurudia na Stephen Hague, na marudio hayo ndiyo yaliyoshika namba moja Uingereza na Marekani mwaka 1986. Tunachokilinda kama asili ni toleo la pili.

Mwaka 2023 wanamuziki wawili wa Nottingham, Sleaford Mods, waliuimba upya kulichangia shirika la Shelter, linalosaidia wasio na makazi. Pet Shop Boys hawakununa. Walilichukua toleo hilo na kulitengenezea rimiksi, wenye nyumba wakaingia kwao kama wageni. Wimbo uliozaliwa na jiji la matajiri na makabwela sasa ukawa unawatafutia watu paa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka uliofuata walitoa singo ya kuchezeka, "Dancing Star", kuhusu Rudolf Nureyev, mcheza baleti wa Kisovieti aliyekataa kurudi kwao akiwa Paris mwaka 1961. Tennant alikuwa anakaribia miaka 70. Nureyev mwenyewe alicheza hadi miaka ya hamsini, mwili ukiwa umeanza kumgomea, na wapo watazamaji waliolalamika kwamba si yule waliyemlipia. Hapo ndipo ninapouona ukatili wa mapenzi yetu. Tunampenda mtu kwa sharti kwamba asiondoke pale tulipomkuta.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba haki wanayo, ila ina mpaka, na mpaka huo uko kati ya kuongeza na kufuta. Toleo la 1984 bado linasikika, la 1985 bado lipo. Msanii akijenga chumba kipya pembeni, changu hajakigusa, nisipokipenda, nisiingie. Lakini akiliondoa toleo la zamani kimyakimya na kuweka jipya mahali pake, jambo ambalo zama hizi za muziki wa mtandaoni zimelirahisisha, atakuwa amenidhulumu. Atakuwa ameninyang'anya ushahidi wa kile nilichokisikia.

Nami nina wajibu wangu: kutokudai dunia nzima iusikilize wimbo kupitia kaseti yangu iliyokatika.

Bado ninayo. Nyayo hazimo, lakini siku hizi kabla sijaiwasha huzisikia kichwani. Ni za mjomba, anaikimbilia redio, ameshachelewa.